Nyumba ya kupangisha Malindi kwa mtu aliyeajiriwa: theluthi ya mshahara na siku sita za likizo

Aliyeajiriwa huingia kwenye mambo ya nyumba na vitu vitatu mkononi: peslipu, siku za likizo na jioni zake. Watu huzungumza sana juu ya peslipu, ila Malindi kinachowaangusha wengi ni siku. Ofisi za ardhi hufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, saa zile zile ambazo wewe uko darasani, wodini au kwenye kaunta ya hoteli. Asiye na siku humwachia dalali amfuatilie mambo, na dalali hulipwa mauzo yakipita; yakizuiwa na karatasi mbovu hapati kitu. Basi kabla hujauliza bei ya kiwanja, hesabu likizo yako. Sheria ya Ajira ya Kenya inakupa angalau siku 21 za kazi kila mwaka. Ununuzi mmoja uliopangwa vizuri hula kama sita, na tutazitaja moja moja huko mbele.

Cha kununua kwanza

Ufukweni achia wengine. Villa za Malindi zinavutia, na zipo zinazotangazwa miaka kadhaa bila mnunuzi. Chunguza sababu: bwawa la kuogelea linalotaka dawa kila wiki, askari wa usiku na mchana, chumvi ya bahari inayokula mabati, bawaba na mota za pampu, na wageni wanaokuja Julai na Agosti, kisha Desemba hadi Machi, halafu wanapotea masika. Baadhi ya viwanja vya upande huo ni vya kukodi kwa serikali kwa miaka maalumu, kwa hiyo unaweza kulipa pesa nzito ukabakiwa na miaka michache kwenye hati. Tena baadhi ya villa zimewekwa kwa jina la kampuni, na anayeuza anakuuzia hisa za hiyo kampuni. Ukinunua hisa umenunua na madeni yake, yakiwemo ya kodi usiyoyajua.

Mwanzo mzuri ni vyumba vya kupangisha watu wanaoishi mjini mwaka mzima: walimu, wauguzi, askari, wenye tuktuk, wauza duka, wafanyakazi wa kaunti. Zunguka mitaa ya Barani, Maweni, Muyeye, Kisumu Ndogo na Ngala jioni baada ya kazi. Usiulize bei za viwanja. Uliza vyumba, kama mpangaji. «Dada, chumba hapa ni pesa ngapi? Maji yanakuja siku gani? Kilichokuwa tupu kilikaa muda gani?» Majibu kumi na tano ya namna hiyo, yaandike daftarini pamoja na mtaa na tarehe, yatakufaa kuliko hesabu yoyote ya dalali. Swali la tatu ndilo muhimu zaidi, na ndilo watu husahau kuliuliza.

Peslipu inabeba kiasi gani

Sheria ya Ajira inasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Sacco na benki huanzia hapo. Tuseme mshahara wako wote ni shilingi 60,000. Kwa viwango vya 2025, NSSF, akiba ya uzeeni, inachukua 3,600, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 ambayo ni 1,650, ushuru wa nyumba asilimia 1.5 ambao ni 900, na kodi ya mapato kama 8,500. Hayo ni karibu 14,700 kabla hujakopa hata senti. Kikomo ni 40,000, kwa hiyo kwenye karatasi unaweza kubeba mkopo wa 25,000 hivi kwa mwezi. Usiubebe. Utabaki na 20,000 za chakula, karo na nauli, na chumba kimoja kikikaa tupu miezi miwili utakimbilia mikopo ya simu.

Fanya kazi na nusu ya hiyo nafasi. Sacco nyingi hukopesha mara tatu ya akiba yako, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa deni linalopungua ni ya kawaida. Kwa riba hiyo, shilingi 500,000 kwa miezi 48 hulipwa kama 13,170 kwa mwezi. Ili uzipate unahitaji akiba ya 167,000, na ukiweka 8,000 kila mwezi utaifikia baada ya miezi 21. Unahitaji pia wadhamini ambao akiba zao zitafungwa mpaka ulipe. Wachague watu ambao hata ukihamishwa kazi mtaendelea kusalimiana.

Anayefanya kazi hotelini apige hesabu kwa mshahara wa Mei, asitumie wa Desemba. Hoteli zikipunguza watu au kuwapeleka likizo bila malipo masika, makato ya sacco hayaendi likizo pamoja nao. Na asiyetaka riba aulize murabaha: benki inanunua mali, inakuuzia kwa bei iliyoongezwa faida, nawe unalipa kwa awamu. Linganisha jumla yote utakayolipa mpaka mwisho, kwa sababu jina pekee halifanyi mkopo uwe rahisi.

Hili lizingatie kuliko yote: mkopo usinunue nyasi. Kiwanja kitupu hakikuingizii kodi ya mpangaji. Ukikopa ukanunua kiwanja, utalipa miaka minne kisha uanze tena kutafuta pesa za kujenga. Kiwanja kinunuliwe kwa akiba, hata ikichukua muda, na mkopo ujenge. Au mkopo ununue nyumba iliyokwisha kuwa na wapangaji ndani.

Karatasi: hapa ndipo usiharakishe

Pwani ya Kenya ina historia yake ya hati. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni iliweka sheria ya kuandikisha madai ya ardhi ukanda wa pwani. Walioandikisha walipata hati, na wengi waliokuwa wakikaa na kulima hapo hawakuandikisha. Ndiyo maana mpaka leo unakuta ardhi yenye mwenyewe kwenye karatasi asiyeonekana miaka na miaka, na watu wengine wenye nyumba, makaburi na minazi juu yake. Malindi ina Mahakama yake ya Mazingira na Ardhi, na haikosi kazi.

Kwanza soma namba ya hati. Hati za zamani za eneo la mji mara nyingi zina namba inayoanza na CR, na rejista yake iko Mombasa. Zile za mashamba yaliyopimwa na kugawanywa, kwa mfano zinazoanza na Gede/Mijomboni au Kilifi/Jimba, ziko rejista ya Kilifi. Ukijua hilo unajua upande matatu ya kwenda wapi, na hutapoteza siku ya likizo kwa kufika ofisi isiyo yako. Uliza pia kama namba imebadilishwa, kwa kuwa serikali inaendelea kuzihamisha hati za zamani kwenye mfumo mmoja chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012.

Upekuzi rasmi, yaani kuomba rejista ikuonyeshe taarifa za kiwanja, utakupa jina la mwenye mali, ukubwa, na kama kuna rehani ya benki au tahadhari iliyowekwa na mtu anayedai haki. Omba zaidi ya hapo: nakala iliyothibitishwa ya ile kadi ya kijani yenye historia ya kiwanja. Upekuzi unakwambia leo ni cha nani. Kadi inakwambia kilimfikia vipi. Kiwanja kilichobadilisha mikono mara tatu ndani ya mwaka mmoja, au kilichotoka kwa marehemu kwenda kwa mnunuzi moja kwa moja, kiache hapo hapo.

Kuhusu marehemu, Malindi hili ni la kila siku. Mzee alifariki, watoto saba, mmoja anauza. Ardhi ya marehemu haiuzwi mpaka usimamizi wa mirathi uthibitishwe na mahakama. Kwa Waislamu jambo hilo mara nyingi hupitia mahakama ya Kadhi, kila mrithi na fungu lake. Taka kuona hati ya mahakama yenye orodha ya warithi, na kila mmoja atie sahihi, wakiwemo mabinti walioolewa Lamu au Mombasa ambao kaka atakwambia «hao hawana neno». Hao ndio watakaoweka tahadhari. Na ukisikia neno wakfu, ondoka: mali ya wakfu haiuzwi.

Mke au mume wa muuzaji naye atie sahihi ya kukubali. Kwa mali ya ndoa sheria inataka idhini ya mwenzi, na mauzo yasiyo nayo yanaweza kubatilishwa baadaye.

Ukubwa uusome kwa hekta. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni mita 15.24 kwa 30.48, yaani hekta 0.0465. Hati zake nyingi husoma 0.045 baada ya barabara kukatwa. Ikisoma 0.03 umeuziwa cha 40 kwa 80. Hilo halihitaji wakili, ni kikokotoo cha simu tu.

Mwenye karatasi na mwenye mnazi

Pwani, ardhi inaweza kuwa ya mtu na miti ikawa ya mwingine. Mnazi, mwembe, mkorosho: aliyepanda ana haki yake hata kama hati ni ya jirani. Nenda kiwanjani Jumamosi asubuhi, na urudi Jumapili jioni, uwaulize majirani wenye umri. «Mzee wangu, shikamoo. Minazi hii anaangua nani?» Ukitajiwa jina ambalo si la muuzaji, miti hiyo inunuliwe kwa maandishi yake, ihesabiwe mti kwa mti, na mwenye miti atie sahihi kabla hujalipa ardhi.

Tazama pia makaburi. Kaburi lililojengewa linaonekana. Mengine ni mawe machache chini ya mti, au kigango, ule mti uliochongwa kumkumbuka marehemu, kilichoanguka. Familia haitakubali uyajengee, na haikosei. Kama kuna mtu analima au amejenga kibanda, usikubali maneno ya «tutamtoa». Aliyekaa kwenye ardhi ya mwingine miaka 12 waziwazi, bila kificho na bila ruhusa, anaweza kwenda mahakamani akatangazwa ndiye mwenyewe. Muuzaji amtoe kwanza, kisha mzungumze bei.

Savea, mpima ardhi, aje na ramani ya rejista, atafute mawe ya mpaka yote manne. Mawe yakiwa hayapo, yarudishwe mbele ya majirani kabla ya malipo. Ugomvi wa futi tatu na jirani utakukalia muda mrefu kuliko mkopo.

Nyumba bila ardhi

Utaletewa pia nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati na ua nyuma, kwa bei inayoshangaza. Uliza kama inauzwa na ardhi. Mara nyingi jibu ni hapana: unanunua kuta na paa, na kila mwezi unamlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Mtindo huu ni wa zamani pwani na unaheshimika, lakini huna hati, benki haitaichukua kama dhamana, na mwenye kiwanja akiuza, mpango wako unategemea moyo wa atakayenunua.

Hatuwezi kusema usinunue kabisa. Wapo wanaoishi vizuri kwa kodi za nyumba hizi. Ila ipime kwa kipimo kikali: irudishe pesa zake ndani ya miaka minne ukihesabu miezi tisa ya kodi kwa mwaka. Tuseme ni ndogo, ya vyumba vinne vya 3,000 kwa mwezi. Miezi tisa ni 108,000. Ondoa kodi ya ardhi 6,000 na matengenezo 12,000, unabaki na 90,000. Ikiuzwa 450,000 ni miaka mitano. Shusha hadi 360,000 au iache. Mkopo wa miaka saba usiuweke hapo hata kwa bahati mbaya. Mauzo yaandikwe mbele ya wakili, mwenye kiwanja akiwepo, na jina lako liingie kwenye daftari lake siku hiyo hiyo, pamoja na risiti ya kodi ya ardhi ya mwisho.

Siku sita

Siku ya kwanza ni ya rejista, Kilifi au Mombasa: upekuzi na kadi ya kijani. Kuna upekuzi unaofanyika kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, lakini kwa hati za zamani nenda mwenyewe.

Siku ya pili ni ya kaunti. Uliza madeni ya ushuru wa kiwanja, kama eneo linaruhusiwa nyumba za kupangisha, na kama kuna barabara iliyochorwa kupita hapo. Walio karibu na uwanja wa ndege waulize pia mpango wa kupanua njia ya ndege, maana umezungumzwa muda mrefu na haujali kama umeshamwaga msingi.

Siku ya tatu ni ya wakili wako. Wakili wako, asiwe wa muuzaji. Kumtumia mmoja kunaokoa pesa kidogo na kukukosesha mtu wa kukutetea mambo yakiharibika. Mkataba uwe wa maandishi, umetiwa sahihi na kushuhudiwa. Kawaida amana ni asilimia 10, inakaa kwenye akaunti ya wakili, na mauzo yakamilike ndani ya siku 90. Pesa taslimu kwa dalali hapana, hata ya «kushikilia».

Siku ya nne ni ya Bodi ya Ardhi, inayoidhinisha mauzo ya mashamba, ikiwa kiwanja bado kinahesabiwa shamba. Bodi hukaa kwa tarehe zake, nawe na muuzaji mnahitajika. Maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Ikipita bila maombi wala nyongeza ya muda kutoka mahakamani, mkataba hauna nguvu na kinachobaki ni kudai pesa zako.

Siku ya tano ni ya hati ya uhamisho, uthamini na ushuru wa stempu: asilimia 4 ndani ya manispaa, asilimia 2 mashambani. Unatozwa kwa thamani atakayoiweka mthamini wa serikali, na inaweza kuzidi bei mliyoandika. Kiwanja cha 600,000 ndani ya mji ni 24,000 au zaidi. Ukijumlisha wakili, savea na ada ndogondogo, tenga asilimia 8 hadi 10 juu ya bei. Ushuru wa faida ya mauzo, asilimia 15 ya faida, ni wa muuzaji. Liandikwe kwenye mkataba, kwa sababu wako wanaokumbuka mwishoni na kutaka mgawane.

Siku ya sita unafuata hati yenye jina lako, kisha unafanya upekuzi mwingine hapo hapo kuhakikisha rejista inasema hivyo hivyo.

Mkinunua kama chama, jueni mnaandikwaje. Mkiandikwa wamiliki wa pamoja bila mafungu, mmoja akifa kunaweza kuzuka ugomvi juu ya fungu lake. Andikeni kila mtu na hisa yake kwa asilimia.

Kujenga kwa mtu anayekuja Jumamosi tu

Vyumba sita vya futi 10 kwa 12 havikai kwenye upana wa futi 50. Vipange kufuata urefu: 12 mara sita ni 72, pamoja na kuta kama 77, na mbele au nyuma panabaki nafasi ya vyoo, tangi na shimo. Uliza kaunti umbali unaotakiwa kuachwa mpakani kabla ya kuchimba, na upate kibali cha ujenzi. Madirisha yaelekee mashariki ukiweza, yapate kusi na kaskazi yote mawili. Baraza ya futi nne upande wa magharibi inazuia jua la alasiri. Chumba chenye hewa Malindi hakikai tupu.

Jiwe la matumbawe lililochongwa ni zuri na linapatikana, lakini linanyonya maji. Mwashi alimwagie maji kabla ya kulilaza, la sivyo linanyonya unyevu wa simiti na kiungo kinamomonyoka ukikikuna kwa kucha. Mchanga uwe wa mto. Mchanga wa pwani una chumvi: ukuta utatoa unga mweupe kila masika, rangi itabanduka, na nondo ndani ya zege zitapata kutu, zivimbe, zipasue boriti na linta za juu ya milango na madirisha. Maji ya kisima chenye chumvi yana madhara yale yale. Lori la mchanga likija ukiwa kazini, mwashi autie kiganjani, auonje, kisha akupigie. Si mzaha, ulimi unaijua chumvi.

Mabati ya geji 28 ni mazito kuliko ya geji 30. Namba ikipungua bati linanenepa. Karibu na bahari tofauti hiyo ni miaka. Makuti ni baridi na yanapendeza, ila kwa vyumba vya kupangisha moto wa jiko moja utachukua vyote sita.

Maji yanahitaji hesabu yake. Watu 18 wakitumia lita 40 kila mmoja ni lita 720 kwa siku. Tangi la lita 5,000 linawafikisha karibu siku saba, na mji huu unajua kukaa bila maji ya bomba siku kadhaa. Kuhusu kuchimba kisima: shimo la maji taka linatakiwa liwe kama mita 30 kutoka kisimani, na mwamba wa pwani una matundu yanayopitisha kila kitu. Kiwanja chako kizima kina urefu wa mita 30. Chagua kisima au shimo, na angalia mashimo ya majirani yako wapi.

Lipa fundi kwa hatua iliyokamilika na uliyoiona, msingi, linta, paa. Usilipe kwa siku. Vifaa nunua mwenyewe kwa simu na M-Pesa, dereva apige picha ya mzigo ukishushwa. Simiti mifuko kumi kumi, usirundike hamsini. Unyevu wa hapa unaigeuza jiwe ndani ya wiki chache.

Wapangaji

Kila mpangaji aandikiwe mkataba wa ukurasa mmoja: jina na namba ya kitambulisho, kodi, tarehe, dipoziti ya mwezi mmoja, notisi ya mwezi mmoja. Kila chumba kiwe na mita yake ndogo ya umeme, au utakuwa hakimu wa friji na pasi kila Jumapili. Kodi iingie kwenye namba yako ya malipo moja kwa moja, mwangalizi asiguse pesa. Kazi yake ni kufagia, kuwasha pampu na kukupigia simu. Mpe chumba kwa nusu ya kodi au mshahara mdogo ulioandikwa.

Asiyelipa usimfungie mlango wala kumng'olea bati. Zipo nyumba za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi zinazolindwa na sheria yake, ambapo kupandisha kodi au kumtoa mtu ni mpaka baraza la kodi liamue. Na ukigeuza chumba cha mbele kuwa duka bila mkataba wa maandishi, mwenye duka anakuwa mpangaji aliyelindwa: kumwondoa au kumwongezea kodi kunataka notisi rasmi ya miezi miwili, naye anaweza kukupeleka kwenye baraza la nyumba za biashara. Chumba cha duka kinaleta pesa nzuri, ila kianze na wakili.

KRA na mwezi wa Mei

Kodi unayopokea kwa wapangaji wa nyumba za kuishi ikizidi 288,000 kwa mwaka, hadi milioni 15, KRA, mamlaka ya mapato ya serikali, hukutoza asilimia 7.5 ya yote uliyopokea, bila kutoa gharama, nawe unalipa kwa mtandao wake wa iTax kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kiwango hicho kilianza Januari 2024. Kabla yake kilikuwa 10. Vyumba sita vya 3,500 ni 252,000 kwa mwaka, uko chini ya mstari, na unaitangaza kwenye marejesho ya mwaka pamoja na mshahara. Chumba cha saba kinakupandisha hadi 294,000, na hapo unadaiwa kama 1,840 kila mwezi. Kabla ya kukijenga, hesabu kama kinabaki na faida.

Tenga kodi ya miezi mitatu kwenye akaunti nyingine kabla hujafikiria nyumba ya pili. Mwaka wa kwanza, kuanzia Aprili hadi Juni, andika nani alichelewa, kwa siku ngapi, chumba gani kilihamwa na paa lilivuja wapi. Kama miezi hiyo mitatu ililipa awamu ya sacco bila kugusa mshahara, peleka fomu ya mkopo wa pili Julai, wageni wanaporudi na wauzaji wenye haja bado hawajapandisha bei.